Ng'ombe Mmoja, Meseji Tatu: Alama Ndogo Inayokula Salio Lako la SMS

Umetuma meseji moja kwa wateja 400, lakini salio la SMS limepungua kwa 1,200. Kabla hujasema umeibiwa, hebu angalia ulivyoandika neno ng'ombe.

Tuseme una bucha na unataka wateja wajue nyama ya ng'ombe imeshuka bei. Meseji umeiandika kwa Word, herufi 150 ukihesabu na nafasi, kisha ukaikopi na kuibandika kwenye mfumo wa kutuma SMS kwa pamoja. Kwa macho, kila kitu kiko sawa. Kumbe kuna mgeni ndani.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba

Kila alama ina namba yake. A ni 65. Alama iliyonyooka ya ng'ombe, yaani ', ni 39. Shida ni kwamba Word hupenda kuipamba: ukiandika ', yenyewe inaigeuza kuwa ’ iliyopinda, ambayo namba yake ni 8217. Kwako wewe ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa.

Mbona ziwe meseji tatu?

SMS moja hubeba biti 1,120 tu. Kwenye orodha ya kawaida ya herufi za simu, kila herufi huchukua biti 7, ndio maana zinatoshea 160. Orodha hiyo ina ' iliyonyooka, ila haina ’ iliyopinda. Ikiingia moja tu, meseji yote inahamia mfumo mwingine ambapo kila herufi huchukua biti 16. Sasa zinatoshea 70 pekee.

Tena meseji ikigawanywa, kila kipande huacha nafasi kidogo ya maelezo ya kuviunganisha kwenye simu ya mteja, kwa hivyo zinabaki 67. Herufi zako 150 zinakuwa vipande vitatu. Zidisha kwa wateja 400, ndio hizo 1,200. Na mifumo mingi hutoza kwa kila kipande.

Wageni wengine wa kuchunga ni kistari kirefu (–), nukta tatu zilizounganishwa kuwa alama moja (…) na emoji. Emoji nyingi huchukua nafasi mbili au zaidi katika hizo 70.

Ufanye nini?

1. Andika meseji yako kwenye Notepad, au moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma. Notepad haipambi alama.
2. Ukiwa kwenye Word, alama ikipinda tu, bonyeza Ctrl na Z papo hapo. Itarudi kunyooka.
3. Kwenye iPhone, zima Smart Punctuation katika mipangilio ya kibodi.
4. Kabla ya kutuma, tazama kihesabu cha herufi. Kikishuka ghafla kutoka 160 hadi 70, kuna mgeni. Mtafute, umfute, uandike upya.

Hakuna haja ya kuandika "ngombe" ili kuokoa pesa. Kiswahili chako kibaki sanifu. Nyoosha tu hiyo alama, na salio lako litawafikia wateja wengi zaidi.