Adhabu Inayogeuka Zawadi

Miongozo mingi ya sayansi ya tabia iliyoandikwa Marekani humshauri mwalimu amtenge kwa dakika chache mtoto anayevuruga somo. Sasa uchukue ushauri huo ulivyo hadi Mbagala, Dar es Salaam, saa saba mchana, kwenye darasa la watoto zaidi ya 100, bati likitema joto. Mtukutu anatolewa nje, anakaa chini ya mwarobaini. Upepo unavuma, na muuza ubuyu yuko ng'ambo ya ukuta. Kesho atavuruga tena, tena mapema zaidi.

Kiswahili cha mwongozo uliotafsiriwa kinaweza kuwa safi kabisa na bado hayo yakatokea. Tangu mwanasaikolojia B. F. Skinner achapishe kazi yake juu ya panya mwaka 1938, msingi wa fani hii ni kwamba tabia hukua au hufifia kwa matokeo yanayoifuata. Nia ya mwenye kuadhibu haihesabiwi. Kumtoa mtoto darasani kunamwadhibu iwapo tu ndani kunanoga kuliko nje.

Njia ya kawaida ya kukagua tafsiri ni mtu wa pili kuirudisha kwenye Kiingereza bila kuona matini ya awali, kisha matini mbili zikalinganishwa. Kwa hojaji inafaa sana, lakini mwarobaini haitauona. Haitasema pia kwamba stika za nyota ni gharama kwa mwalimu wa Tandale, ilhali "mpigieni makofi ya kilo" haimgharimu kitu. (Ingawa yupo mtoto mwenye haya ambaye makofi hayo humfanya atamani ardhi ipasuke, kwake si zawadi.)

Sheria nayo haijasaidia sana kuiondoa fimbo darasani. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Fimbo haijaondoka. Mwanasayansi wa tabia hataanza kwa kumwita mwalimu katili. Atauliza mwalimu anapata nini akichapa. Anapata ukimya, papo hapo. Ukimya huo ndio unaoilisha fimbo, na mwongozo unaosema "acha" bila kumpa njia nyingine ya kutuliza darasa haraka utabaki kabatini.

Ndiyo maana kazi ya Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, pale Chang'ombe, Temeke, akiwa na Katharin Hermenau, Tobias Hecker na wenzao, inanivutia. Mafunzo yao ya siku tano na nusu huwafanya walimu waigize hali za darasani na kujaribu mbinu wenyewe, si kusikiliza tu. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha shule 8 za sekondari za serikali, nyingine zikipata mafunzo na nyingine zikibaki za kulinganishia. Miezi michache baadaye, walimu na pia wanafunzi waliripoti ukatili mdogo zaidi kwenye shule zilizofunzwa.

Mwalimu wetu anayepitia chuo kikuu husoma nadharia za Skinner kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, kisha akaenda kutuliza watoto kwa Kiswahili. Anayemwandikia mwongozo aupeleke kwanza Mbagala na Tandale kabla ya kuuchapa, akae nyuma ya darasa, ahesabu fimbo imeinuliwa mara ngapi wiki inayofuata.