JIKO LA MAIKROWEVU LIKIPIGA KELELE

Zamani mtu akitaka kupasha moto kiporo ilibidi awashe kuni au mkaa. Siku hizi, katika baadhi ya nyumba za Kihonda na sehemu nyingine za mji wa Morogoro, utakuta jiko la maikrowevu. Jiko hili halina moto wala moshi. Linapasha chakula kwa dakika mbili tatu tu. Mengine yamenunuliwa mapya dukani, mengine ni ya mtumba.

Jiko hili likianza kupiga kelele, wengine husema: "Liache tu, mradi linapasha." Wengine huchukua bisibisi na kulifungua. Wote hao wanakosea. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kelele nayo ni dalili. Kwanza tuisikilize, ndipo tutajua la kufanya.

JIKO HILI LINAFANYAJE KAZI?

Umeme wa majumbani kwetu Tanzania una nguvu ya volti 230. Ndani ya majiko mengi ya aina hii kuna transfoma inayokuza nguvu hiyo mpaka ipite volti 2000. Umeme huo mkali huenda kwenye kifaa kiitwacho magnetroni. Magnetroni hutoa mawimbi yanayofanana na yale ya redio. Mawimbi hayo hutikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, na chakula kinapata moto. Mmarekani aitwaye Percy Spencer aligundua jambo hili mwaka 1945, alipokuwa akifanya kazi na mitambo ya rada.

Ndani ya jiko kuna pia feni ya kupoza magnetroni, na mota ndogo ya kuzungusha sahani. Kwa hiyo hata jiko zima lina sauti yake. Utasikia mvumo wa chini, na mara nyingine sauti ya "tak" swichi ya ndani inapojiwasha na kujizima. Hiyo siyo hitilafu.

KELELE NNE ZA KUJUA

1. Kukwaruza au kugonga. Mara nyingi hii ni sahani ya kioo. Chomoa plagi. Toa sahani, kisha toa pete yenye magurudumu iliyo chini yake. Osha vyote kwa maji na sabuni, vikaushe. Futa mabaki ya chakula yaliyoganda chini. Rudisha pete, kisha rudisha sahani ikae sawasawa. Mara nyingi kelele itakwisha hapo hapo, wala hukutoa hata shilingi.

2. Kutetemeka. Tazama kama meza imenyooka, na kama miguu yote ya jiko imekanyaga. Lisogeze mbali kidogo na ukuta. Usiweke vyombo wala vitambaa juu yake. Matundu ya nyuma na ya pembeni ndiyo pua za jiko. Yakizibwa, jiko litapata joto na kuharibika. Yafute vumbi kwa nje, na usiingize waya wala kijiti ndani yake.

3. Kutatarika pamoja na cheche. Zima mara moja. Pengine umeacha kijiko ndani, au kikombe cha bati, au sahani yenye mstari wa rangi ya dhahabu. Chuma na mawimbi haya havipatani. Kama hakuna chuma, tazama ukuta wa ndani. Utaona kijikaratasi kigumu, rangi ya kijivu au kahawia. Hicho ni ulanga, madini yale yale yaliyochimbwa katika milima yetu ya Uluguru tangu wakati wa Wajerumani. Mawimbi hupitia hapo. Kikirukiwa na mafuta, huungua na kutoa cheche. Kama kina mafuta tu, chomoa plagi ukifute kwa kitambaa chenye unyevu. Kama kimeungua au kimetoboka, usitumie jiko mpaka fundi aweke kingine.

4. Mngurumo mkubwa. Ukisikia ngurumo nzito, au harufu ya kuungua, au jiko linanguruma lakini maji hayapati moto, zima na uchomoe plagi. Hitilafu iko ndani. Hapo kazi yako imekwisha, mwite fundi.

SOMA KIBANDIKO

Majiko mengine hunguruma kwa sababu hayakutengenezwa kwa umeme wetu. Majumbani Marekani hutumia volti 120, na Japani volti 100. Jiko la huko ukilichomeka hapa moja kwa moja litanguruma na kuungua. Kabla ya kutoa fedha zako kununua la mtumba, geuza jiko, usome kibandiko cha nyuma. Tafuta namba 220-240 V na 50 Hz. Usipoziona, usikubali maneno ya muuzaji. Ati "litafanya kazi tu." Wewe unajua kusoma, amini macho yako.

USIFUNGUE BATI LA NJE

Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote. Ndani kuna kifaa kiitwacho kapasita. Kazi yake ni kuweka akiba ya umeme, kama pipa linavyoweka maji. Ukichomoa plagi, bomba limefungwa, lakini pipa bado lina maji. Umeme ule mkali waweza kubaki humo, nao watosha kuua mtu. Watu wengi hudhani kitu kilichochomolewa hakina hatari. Kwa jiko hili siyo kweli.

Fundi wa redio wa mtaani asiyejua majiko haya naye yumo hatarini. Tafuta aliyesomea umeme na anayejua jinsi ya kumaliza akiba hiyo kabla ya kugusa chochote. Mafundi wa umeme hawakosekani mahali kama Kihonda, penye chuo cha ufundi cha VETA. Tena, mlango wa jiko ukipinda au usipofunga vizuri, usiliwashe hata kama halipigi kelele.

Jiko likiharibika litanunuliwa jingine. Mtu hanunuliki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kelele zipi unazoweza kuziondoa mwenyewe?
2. Kwa nini kuchomoa plagi hakutoshi?
3. Utasoma nini kwenye kibandiko kabla ya kununua jiko?