UZI: Uanze kwanza, ama uombe ruhusa kwanza?

1/ Kila mjadala wa mtandao, muziki au filamu hauwakosi hawa wawili. Mmoja: "Serikali itoke kwa maisha yetu." Mwingine: "Kwani unataka fujo?" Hawasikizani. Tuchambue polepole.

2/ Anayetaka serikali ndogo kwa kawaida hapingi mahakama wala polisi. Mwizi ashtakiwe, mkataba uheshimiwe. Swali lake ni hili: kama sijamkosea mtu, mbona niombe ruhusa?

3/ Upande wa teknolojia ana mfano mzuri. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ilikuja 2011. Benki Kuu ilikagua, ikasema haina pingamizi, ikaendelea kuangalia. Ingesubiri Bunge, tungeendelea kumpa dereva wa basi bahasha ya mama.

4/ Sasa sanaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ni ya 1962, kabla ya uhuru. Kupiga filamu, leseni. Kuionyesha, ikaguliwe kwanza.

5/ Na leseni ni silaha. 1977, Ngaahika Ndeenda ilikuwa inajaza watu Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Leseni ikafutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. 2018, filamu ya Rafiki ikapigwa marufuku. Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7, watu wazima pekee. Kumbi zikajaa, na nchi ilibaki imesimama.

6/ Lakini upande wa pili hauongei upuzi. Watoto wanahitaji kulindwa, na baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona maneno yanaweza kufanya nini. Ndiyo maana Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda ubunifu wa sanaa, lakini hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Hata M-Pesa haikuachwa kama ng'ombe bila mchungaji.

7/ Kwa hivyo ubishi si "serikali iwepo au isiwepo". Ni serikali iingie saa ngapi. Kuandika "miaka 18 na zaidi" kwa bango ni kitu kimoja. Kumfungia kila mtu mlango ni kingine.

8/ Mswada mwingine ukija, kabla hujachagua timu, uliza: Unamwadhibu mkosaji, ama unatufanya sote tuombe ruhusa? Nani anaitoa? Akikataa, nitakata rufaa wapi?

Mwanasiasa akikwepa hilo la mwisho, shtuka.