Kabati ya kioo ndani ya bafu

Wewe baba na mama wa nyumba, na wewe kijana unayejifunza kazi ya kuraa, leo tuzungumze juu ya ile kabati ya kioo ambayo watu wanapenda kufunga ndani ya bafu. Iko na taa juu ya kioo, na pembeni prizi ndogo ya mashine ya kunyolea ndevu. Ni kitu kizuri. Lakini inakaa mahali mutu anasimama miguu mitupu, mwili wote maji, na ngozi yenye maji inapitisha kuraa kwa wepesi kuliko ngozi kavu.

Tuanze na delestaji, maana hapo wengi wanadanganyika. Kuraa imekatika, kijana anasema: «Sasa ndiyo saa ya kufunga kabati.» Anashika waya kwa mikono. Nani amemwambia kuraa itarudi saa ngapi? Inarudi bila kupiga hodi, volti 220 zote. Tena, wakati wa delestaji kipimo chako hakikuambii kitu: kila waya itaonekana imekufa, hata ile uliyosahau kukata. Mimi naona afadhali kungoja. Kuraa ikirudi, pima, uone iko, shusha dijonkteri, pima tena, uone imekwenda. Hapo ndipo ushike waya. Na mutu mumoja akae karibu na dijonkteri, mutoto asiipandishe.

Mahali pa kufunga je? Pima sentimeta 60 toka ukingo wa beseni ya kuogea. Ndani ya kipimo hicho, mpaka urefu wa meta 2,25, hapana kuweka prizi ya kawaida. Ile ndogo ya kabati inaruhusiwa tu kama iko na transfo yake ya mashine ya kunyolea, na kama kabati yenyewe imetengenezwa kuvumilia maji yanayorukaruka: tafuta alama IPX4. Mama asichomeke humo pasi wala rezo ya kupasha maji. Juu ya beseni yenyewe, usifunge kabati hata kidogo.

Kuna wanaosema: «Kwetu fuzibu iko, hatuogopi.» Fuzibu ya ampere 10 inalinda waya isiungue; haimulindi mutu. Kuraa inaweza kuua mutu kabla ya fuzibu kusikia kitu. Kinachomulinda ni dijonkteri diferansieli ya miliampere 30, inayokata mara moja kuraa ikianza kupotelea njia nyingine, kama vile mwili wako. (Na wale wanaofunga fuzibu kwa kipande cha waya ya shaba, hao hata nyumba hawailindi.)

Halafu waya ya teri, ile ya kijani na manjano. Nyumba nyingi za zamani ziko na waya mbili tu, na fundi wa haraka anakata ya tatu anaitupa. Usikubali. Wengine wanaifunga kwenye bomba ya maji. Lakini kama bomba ilibadilishwa ikawa ya plastiki, teri hiyo haifiki popote. Ipelekwe kwenye chuma kilichopigwa chini sana ndani ya udongo, mahali penye ubichi, maana wakati wa kiangazi udongo wetu ukikauka teri inakuwa zaifu.

Kazi ikiisha, bonyeza kile kifungo kidogo chenye herufi T juu ya diferansieli. Isipoanguka, usiwashe kabati, ita fundi. Ubonyeze hivyo kila mwezi.