Mlango mdogo wa bega



Ndugu mmoja wa hapa Kasumbalesa alikuwa akibeba unga kutoka upande wa Zambia siku zake za mapumziko, mifuko ya kilo 25, sikuzote juu ya bega la kuume. Alitafuta pesa ya masomo ya watoto. Alipofika dispanseri alisema: «Muganga, nimechoka tu.» Lakini kuvaa kofia ya kazi kwa mkono ule kulimshinda.

Nilimwomba avue shati. Nyuma ya bega palikuwa na bonde, nyama imekonda.

Shikeni bega lenu kwa nyuma. Ule mfupa mpana unaitwa bapa. Ukingo wake wa juu una pengo dogo, na ukano mgumu unapita juu ya pengo hilo, hivi panakuwa mlango. Mshipa wa fahamu, ule unaopeleka amri ya ubongo kwenye misuli, unapita chini ya ukano. Mshipa wa damu, kwa watu wengi, unapita juu yake. Damu ina njia nyingine: mishipa ya upande wa shingo na ile ya kwapani inakutana nyuma ya bapa. Ni kama malori ya shaba: Kasumbalesa ikifungwa, mengine yanazunguka Mokambo ao Sakania. Mshipa wa fahamu hauna Mokambo. Ukibanwa mlangoni, misuli miwili inayosaidia kuinua mkono na kuugeuza nje inalegea. Mafuta ya kuchua hayafungui mlango huo, ingawa hata mimi ninayapenda.

Kuna mshipa mwingine wa fahamu, mrefu, unaoshuka ubavuni. Mzigo ukiuumiza, bapa linatokeza kama bawa la kuku. Jioni bwana asukume ukuta kwa mikono miwili, mama amtazame mgongo. Bapa moja likisimama kuliko lingine, aje dispanseri kesho yake asubuhi, asingoje siku ya mshahara.

Juu ya mizigo, chukueni pusupusu, ao bebeni watu wawili. Mwenye maumivu ya ndani nyuma ya bega aache kubeba kwanza, maana uzi wa fahamu uliokatika, ukipata kuota tena, unakua karibu milimita 1 tu kwa siku.

Ndugu yetu wa unga ameacha mifuko, anafanya mazoezi. Ndoo ya maji anaifikisha mezani sasa. Kofia bado anaivaa kwa mkono wa kushoto.