Nikeli Inavyojijenga Chini ya Kromu

Mfereji unaong'aa katika bafu la nyumba ya mtaa wa Lavington, Nairobi, kwa kawaida si kromu tupu. Kiini chake huwa shaba ya njano, juu yake nikeli, na kromu huja mwisho, mara nyingi ikiwa na unene wa robo ya maikromita tu. Mng'ao unaosifiwa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya nikeli.

Kitu kinachopakwa huning'inizwa kwenye maji yenye chumvi za nikeli na kuunganishwa na upande hasi wa umeme. Vipande vya nikeli huunganishwa na upande chanya. Mchanganyiko maarufu zaidi wa salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki ulitolewa na Mmarekani Oliver Watts mwaka 1916. Ayoni za nikeli hufika kwenye kitu, kila moja hupokea elektroni mbili na kugeuka atomu. Ampea moja kwa saa moja hutandaza takriban gramu 1.1.

Atomu inayotua huteleza kwanza juu ya uso mpaka ikute ufa, ukingo au kona ya kujishikiza. Hapo huanza fuwele changa, ambazo hupanuka hadi zikagusana na kuwa tabaka moja. Mkondo wa umeme ukiwa mdogo, fuwele huwa chache na kubwa, na uso hufifia. Mkondo ukiongezwa, fuwele ndogo huchipuka kwa wingi na tabaka hushikamana vizuri. Ukizidi kipimo, ayoni huadimika karibu na uso. Vilele vilivyochomoza hunyakua zinazofika, na tabaka huota matawi au kuwa unga mweusi. Mafundi husema limeungua.

Umbo la kitu nalo lina neno. Umeme hukimbilia pembe na kingo, kwa hiyo bampa la gari hupata nikeli nene ukingoni na nyembamba kwenye mabonde yake. Kwa mikwaruzo midogo ya uso, huongezwa kemikali za kusawazisha, ambazo hung'ang'ania vilele vidogo na kuchelewesha ukuaji wake ili vibonde vipate kujaa.

Sarafu ya Kenya ya shilingi moja yenye twiga, iliyozinduliwa Desemba 2018, ni chuma kilichopakwa nikeli. Vipande vya sarafu hupakwa kwa kawaida ndani ya pipa linalozunguka, vikibadilishana nafasi ili kila kimoja kipate sehemu yake, kisha ndipo hupigwa chapa. Nikeli hiyo lazima iwe laini kiasi cha kufuata shingo ya twiga bila kupasuka.

Viputo vya hidrojeni vinavyozuka wakati wa kupaka vikiganda juu ya uso, huacha vitundu. Kwenye bampa la chuma, kutu huanzia hapo, au ndani ya bonde ambako nikeli ilikuwa haba.