Ulinganishaji wa Viashiria vya Kitaaluma vya Chuo Kidogo na Vyuo Linganifu Afrika Mashariki

Utangulizi

Chuo kidogo kinapotathminiwa, viashiria vyake huwekwa kando ya vile vya vyuo vingine: idadi ya wanaohitimu, uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu, na sifa za wahadhiri. Ulinganishaji huo unaweza kuamua kama programu itaendelea au itafungwa, na programu za Kiswahili zenye wanafunzi wachache ndizo zilizo hatarini zaidi. Makala haya yanafafanua masharti matatu yanayoufanya ulinganishaji huo uwe wa haki.

Muda wa masomo

Sharti la kwanza ni kulinganisha muda unaolingana. Nchini Uganda na Tanzania, shahada nyingi za sanaa na ualimu huchukua miaka 3 baada ya kidato cha sita. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, shahada hizo huchukua miaka 4 baada ya kidato cha nne. Kwa hiyo, kuuliza ni wangapi walihitimu ndani ya miaka 4 kunampa mwanafunzi wa Kampala mwaka mmoja wa ziada ambao mwenzake wa Nairobi hanao. Nchini Marekani, kipimo kinachotumika sana ni mara moja na nusu ya muda rasmi, yaani miaka 6 kwa shahada ya miaka 4. Kwa kanuni hiyo, shahada ya miaka 3 ingepimwa kwa miaka 4 na nusu.

Udogo wa idadi

Sharti la pili linahusu hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo kilichosajili wanafunzi 24, 25 na 26 katika miaka mitatu mfululizo, wakahitimu 18, 15 na 21. Asilimia zake ni 75, 60 na takriban 81. Atakayeutazama mwaka wa pili pekee atasema chuo kimeporomoka. Atakayeutazama wa tatu atakisifu. Ukweli ni kwamba katika kundi la watu 25, mwanafunzi mmoja ana uzito wa asilimia 4, ilhali katika kundi la watu 1,000 uzito wake ni asilimia 0.1 tu. Makundi yote matatu yakijumlishwa, wahitimu ni 54 kati ya 75, sawa na asilimia 72. Hiyo ndiyo takwimu inayostahili kulinganishwa, tena ikiambatana na idadi halisi.

Istilahi

Sharti la tatu ni la kiisimu, nalo husahaulika mara nyingi. Neno "mwalimu" katika jedwali linaweza kuficha mengi. Chuo chenye wanafunzi 240, wahadhiri 8 wa kudumu na 8 wa muda kitakuwa na uwiano wa 15 kwa 1 ikiwa wote watahesabiwa sawa, 20 kwa 1 ikiwa kila wa muda atahesabiwa nusu, na 30 kwa 1 ikiwa wa kudumu pekee watahesabiwa. Vivyo hivyo, nchini Tanzania "stashahada" ni ngazi iliyo chini ya shahada, lakini "stashahada ya uzamili" husomwa na mwenye shahada tayari. Maneno mawili yakidondoshwa katika tafsiri, mhadhiri hushushwa hadhi. Kwa upande mwingine, "uzamivu" na "uzamifu" ni ngazi moja yenye tahajia mbili, wala hazipaswi kuwekewa safu mbili.

Hitimisho

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo linadai lugha ya pamoja ya kuhesabia. Kila jedwali la ulinganishaji lieleze muda uliopimwa, idadi halisi ya wanafunzi na maana ya kila istilahi. Bila mambo hayo, programu ndogo inaweza kufungwa kwa sababu ya wanafunzi watatu walioahirisha masomo katika mwaka mmoja.